Mteja anakuja na picha kwenye simu: fundi cherehani atajifunzia wapi mshono mpya?

Zamani mteja aliyetaka gauni la kitenge alichagua mshono kwenye kalenda iliyobandikwa ukutani kwa fundi. Fundi aliifahamu mishono yote ya kalenda hiyo, kwa sababu alikuwa ameishona mara nyingi. Leo mteja anafungua simu, anaonyesha picha aliyoiona kwenye WhatsApp, Instagram au TikTok usiku uliopita, na kusema: "Nataka kama hii, na sherehe ni Jumamosi."

Picha hiyo huenda imepigwa Lagos, Accra, Nairobi au Paris. Fundi wa kijijini hajawahi kuiona, na hakuna aliyemwonyesha namna ya kuikata. Akikataa, mteja anakwenda mjini au ananunua nguo ya mtumba. Akikubali bila kujua, anaweza kuharibu kitambaa cha mtu. Ndiyo maana swali la wapi fundi anajifunza baada ya kumaliza mafunzo yake limekuwa swali la kipato chake.

Makala haya yanaangalia njia ambayo mafundi na wabunifu wengi wameikimbilia, yaani chaneli za video na podikasti kwenye simu. Je, zinamsaidia fundi wa kijijini, na zinamwacha wapi?

Mafunzo ya mara moja, kazi ya maisha yote

Mafundi wengi wa Afrika Mashariki hujifunza kwa kukaa na fundi mwenye uzoefu. Mwanafunzi huanza kwa kufagia, kupiga pasi na kupachika vifungo, kisha hupewa mkasi. Wengine hupitia vyuo vya ufundi. Tanzania, mamlaka inayosimamia elimu ya ufundi stadi, VETA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na ushonaji ni miongoni mwa fani zinazofundishwa. Kenya, mamlaka ya NITA hupima mafundi kwa madaraja matatu.

Njia zote mbili zina upungufu mmoja. Humfundisha mtu mwanzoni, kisha humwachia aendelee mwenyewe. Mwalimu wa shule na muuguzi angalau huitwa semina. Fundi cherehani hana semina, ingawa kazi yake hubadilika kila msimu.

Kwingineko duniani pengo hilo lilianza kuzibwa kwa sauti miaka 20 iliyopita. Neno "podcasting" lilichapishwa katika gazeti la Guardian la Uingereza mwezi Februari 2004. Mwaka uliofuata, Debbie Millman wa Marekani alianzisha Design Matters, mazungumzo na wabunifu kuhusu kazi na maisha yao. Mwaka 2018 ukaja mfululizo wa Articles of Interest wa Avery Trufelman, unaoeleza historia ya mavazi ya kawaida kama mifuko ya nguo na nguo za watoto. Mwaka 2005 YouTube nayo ilianza, na leo ina video nyingi mno za ushonaji.

Kwa hiyo masomo yapo, na mengi hayalipiwi ada. Ugumu uko katika kuyafikia, kuyaelewa na kuyatumia kwenye kitambaa kilichopo mezani.

Hesabu ya bando

Tuanze na gharama. Saa moja ya sauti ya ubora wa kawaida hula takriban megabaiti 30 hadi 60. Saa moja ya video ya ubora wa kati inaweza kula megabaiti 450 au zaidi. Maana yake, gigabaiti 1 inayoisha kwa saa mbili hivi za video ingetosha zaidi ya saa 30 za sauti nyepesi.

Tofauti hiyo ni kubwa kwa mtu anayenunua bando la siku. Tena video ya ushonaji haitazamwi mara moja. Fundi huirudia sehemu ya kwapa au ya shingo mara nne au tano, na kila akirudi bila kuipakua anaweza kulipia upya.

Serikali nazo zina mkono katika bei hii. Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa watumiaji wa mitandao ya kijamii mwezi Julai 2018. Mwaka 2021 tozo hiyo iliondolewa, na mahali pake ikawekwa kodi ya asilimia 12 kwenye bando la intaneti. Kodi ya namna hiyo huitazama intaneti kama starehe. Kwa fundi, bando limekuwa kifaa cha kazi kama uzi na sindano.

Kuna pia hatari ya mtandao kuzimwa. Uganda ilizima intaneti kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, na Tanzania intaneti ilikatika siku ya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025. Anayetegemea mtandao peke yake hubaki bila somo siku hizo, na bila wateja wanaomwagiza kwa simu.

Video ya Marekani, kitenge cha mezani kwako

Ugumu wa pili huonekana kama wa lugha, lakini unakwenda mbali zaidi. Hata fundi anayeelewa Kiingereza anaweza kuharibu nguo kwa kufuata video ya kigeni neno kwa neno.

Video nyingi za Marekani na Ulaya huanza na karatasi ya kukatia iliyonunuliwa dukani, yenye saizi zilizopangwa tayari. Fundi wetu huanza na mtu aliyesimama mbele yake na futi kamba mkononi. Hizo ni njia mbili tofauti za kufikiri. Karatasi za maduka ya Marekani kwa kawaida huwa zimeshaacha nafasi ya mshono ya inchi 5/8, yaani takriban sentimita 1.6. Asiyejua hilo anaweza kuongeza nafasi nyingine, na gauni likapwaya. Karatasi nyingine, hasa za magazeti ya ushonaji ya Ulaya, haziachi nafasi hiyo kabisa. Huko gauni litabana.

Halafu kuna kitambaa chenyewe. Kitenge huuzwa mara nyingi kwa yadi 6, na upana wake huwa karibu inchi 45. Mwalimu wa video anaweza kuwa anakata kitambaa cha inchi 60, na rinda lake linatosha pale ambapo la kwako halitoshi. Kanga nayo ina mji, pindo na jina. Ukiikata mshazari kama unavyoona kwenye video ya hariri, jina linaangukia ubavuni na pindo linakatika katikati.

Mambo haya hayafundishwi na mtu asiyewahi kushona kanga. Lazima yafundishwe na fundi anayeishona, kwa Kiswahili, kwa inchi zilizo kwenye futi kamba yetu.

Chaneli hulipwa kwa macho

Jambo la tatu huwa halisemwi. Chaneli kubwa hupata fedha kwa matangazo, na matangazo hufuata muda ambao watu wanatazama. Mwenye chaneli ana sababu ya kutengeneza video inayopendeza kuliko inayofundisha. Ndiyo maana utaona gauni likikamilika kwa sekunde 40, mikono ikienda mbio, na hatua ngumu ya kuunganisha mkono na bega ikiwa imerukwa.

Hali imekuwa ngumu zaidi tangu programu za akili mnemba zianze kutengeneza picha za mavazi. Baadhi ya magauni yanayozunguka kwenye simu hayajawahi kushonwa na mtu yeyote. Mikunjo yake haina mshono unaoishikilia, na kitambaa chake husimama hewani bila gamu. Mteja hajui hilo. Fundi asiyejua pia atajilaumu kwa kushindwa kushona kitu kisichoshoneka. Kuitambua picha ya namna hiyo, na kumweleza mteja kwa heshima, sasa ni sehemu ya ufundi.

Somo ambalo halionekani kwa macho

Kwa haya yote mtu anaweza kudhani kwamba fundi anahitaji video bora tu. Lakini tuangalie kibanda chenyewe. Macho ya fundi yako kwenye sindano, mikono iko kwenye kitambaa, na miguu iko kwenye pedali. Kiungo kilicho huru ni sikio, na ndiyo maana redio imeishi kwenye vibanda vya mafundi miaka yote hii.

Sauti haiwezi kufundisha kukata shingo. Lakini yako mambo yanayowatia hasara mafundi wengi ambayo hayahitaji picha: kupanga bei, kuchukua malipo ya awali, kuandika vipimo, kukataa kazi, kudai deni bila kumpoteza mteja.

Chukua mfano wa bei. Tuseme fundi anatoza shilingi 15,000 kushona gauni. Uzi, zipu na gamu vinamgharimu 3,000, na kazi inachukua saa 5. Amebakiwa na 12,000, sawa na 2,400 kwa saa, kabla ya pango na umeme. Sasa mteja analeta mshono wa kwenye simu unaochukua saa 9, na fundi anatoza bei ileile kwa sababu "gauni ni gauni". Kipato chake kimeshuka hadi shilingi 1,333 kwa saa, ingawa amefanya kazi ngumu zaidi. Ameongeza ujuzi na kupunguza kipato.

Somo hilo linaweza kusikilizwa kwa dakika 15 huku cherehani ikizunguka. Podikasti za wabunifu wa nje huzungumza sana habari za bei na mikataba, ila kwa mifano ya kampuni zenye ofisi, na kwa Kiingereza. Mazungumzo ya mafundi wetu wenyewe yanahitajika. Tuna wabunifu wenye mengi ya kueleza. Mustafa Hassanali alianzisha Swahili Fashion Week Dar es Salaam mwaka 2008, na jukwaa hilo limepitisha wabunifu wengi wa ukanda huu. Lakini yale waliyojifunza kuhusu kununua vitambaa na kuishi na wateja humfikia mara chache fundi aliye kilomita 400 kutoka mjini.

Anayetaka kuanzisha chaneli au podikasti kama hiyo ana mambo ya kuuliza kwanza. Tanzania ilitunga kanuni za maudhui ya mtandaoni mwaka 2018, zikaja na leseni na ada, na zimefanyiwa mabadiliko tangu hapo. Ni vizuri kuuliza TCRA kama aina ya maudhui yako inahitaji leseni kabla ya kuanza kurusha.

Kujifunza pamoja si jambo geni

Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu walikusanyika kwa vikundi vijijini, wakasikiliza kipindi, wakafungua kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kutenda walichokubaliana, kama kuchimba vyoo. Takriban watu milioni 2 walishiriki. Wengi hawakuwa na redio zao wenyewe. Chombo kimoja kilitosha kikundi kizima.

Mpango huo unafaa hata leo. Mafundi watano wa soko moja wanaweza kuchanga bando, mmoja akapakua somo, wakalitazama pamoja jioni na kukata mfano kwenye karatasi ya kaki au mfuko wa saruji kabla ya kugusa kitambaa cha mtu. Kwenye YouTube unaweza kupunguza mwendo wa video hadi nusu, na kushusha ubora wa picha ili ile bando kidogo. Anayeelewa Kiingereza awatafsirie wenzake, na mwenye uzoefu aseme wapi somo haliendani na kitambaa chetu.

Serikali za mitaa nazo zina nafasi. Halmashauri za Tanzania hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Vikundi vya ushonaji huomba cherehani. Ni haki kuuliza kwa nini maombi hayo yasiwe pia na fungu la mafunzo, kwa sababu cherehani mpya yenye mshono wa zamani hailipi mkopo.

Mwisho ni suala la kutambuliwa. Aliyejifunza kwa simu hana cheti, na zabuni ya sare za shule inaweza kudai cheti. VETA ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazini, na Kenya ilizindua sera yake ya kutambua ujuzi wa namna hiyo mwaka 2024. Taratibu hizi hazijali ulijifunzia wapi. Zinapima unachoweza kufanya. Fundi aliyepata ujuzi kwenye chaneli ana haki ya kwenda kupimwa kama mwingine yeyote.

Mteja wa Jumamosi hatasubiri sera ikamilike. Kwa sasa, ukiletewa picha usiyoijua, omba siku moja kabla ya kukubali. Itafute video yake, ijaribu kwenye karatasi, hesabu saa utakazotumia, kisha taja bei.