Fidia Haisafishi Kisima

Watoto wetu madrasa hufundishwa kuwa maji huchunguzwa kwa mambo matatu: rangi, ladha na harufu. Yasipobadilika kwa najisi, yanafaa kwa udhu. Kipimo hicho ni sahihi kwa tohara. Lakini zipo sumu ambazo hazibadilishi hata kimoja kati ya hivyo vitatu, na mama huweza kumnywesha mwanawe kwa miaka huku akimshukuru Mwenyezi Mungu kwa maji maangavu.

Leo tunazungumza na familia za Kileo, wilayani Mwanga, chini ya milima ya Upare, na kupitia kwao na kila nyumba ya Kiislamu. Watu wa Upare hawahitaji kufundishwa heshima ya maji. Wazee wao walijenga ndiva milimani, wakakinga vijito na kupangiana zamu za kumwagilia. Tunalotaka kuwakumbusha ni kwamba kuyapata maji ni jambo moja, na kuyajua ni jambo jingine.

Tutazame yaliyowapata jirani zetu wa Mombasa. Katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu za magari kilianza kazi mwaka 2007. Madini ya risasi yaliingia katika hewa, udongo na maji ya wakazi. Bi Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua baada ya vipimo vya hospitali kuwa mwanawe mchanga alikuwa na risasi mwilini. Akawaunganisha majirani, wakapigania haki yao. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwezi Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na kuamuru udongo na maji visafishwe. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua tuzo hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha.

Tangu kiwanda kufunguliwa hadi hukumu hiyo ni miaka 17. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa kwanza alikuwa karibu mtu mzima. Mahakama inaweza kumpa fedha. Haiwezi kumrudishia utoto wake.

Hata nchi tajiri hazikuepukana na hili. Huko Hinkley, Marekani, kampuni ya umeme na gesi ya PG&E ilikubali mwaka 1996 kuwalipa wakazi dola milioni 333 kwa sababu ya kromiamu iliyoingia katika maji ya ardhini. Miongo miwili baadaye, kazi ya kuyasafisha maji hayo ilikuwa bado haijakwisha.

Hatusemi watu wasiende mahakamani. Wapo wanaodhani kuwa kunyamaza mbele ya dhuluma ndiyo subira. Sivyo. Uislamu umekataza kudhuru na kudhuriana, na kudai haki kwa njia ya sheria ni kuizuia dhuluma isiendelee. Hapa Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama, pamoja na haki ya kuidai. Lakini mahakama huhukumu kwa ushahidi, na ushahidi wa maji ni vipimo vilivyoandikwa na kuhifadhiwa.

Tena si kila sumu ina mshitakiwa. Katika mikoa ya Kilimanjaro na Arusha, madini ya floraidi hutoka katika miamba yenyewe. Yakizidi, huyatia meno rangi ya kahawia na hata kuiharibu mifupa. Nani atashitakiwa? Hapo hakuna fidia, kuna tahadhari tu. Na wakati mwingine mkosaji ni sisi wenyewe: mkulima anayesuuza bomba la kupulizia dawa mferejini amemdhuru jirani aliye chini yake, ingawa hamwoni.

Mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe unachota katika bwawa la Nyumba ya Mungu, ambalo hupokea maji ya mito Kikuletwa na Ruvu. Kwa hiyo linalotupwa juu ya mito hiyo si siri ya aliyelitupa; linawahusu wote wanywao chini.

Rai yetu ni hii. Kamati za misikiti na za maji, kwa pamoja na viongozi wa vijiji, ziombe kwa maandishi visima vipimwe katika maabara za Wizara ya Maji, kupitia RUWASA. Majibu yasomwe hadharani, nakala zitunzwe, na vipimo virudiwe. Mtume (s.a.w.) alimfundisha bedui amfunge ngamia kwanza, kisha ndipo atawakali. Kupima kisima ndiko kumfunga ngamia.

Wabillahi tawfiq.