Bumu Likiingia, Chumvi Inapanda

Wanachuo wenzangu, tuambizane ukweli. Bumu likiingia, usiku ni zege, na kabla hata hujaonja mkono ushafika kwenye chumvi. Mimi ni mmoja wenu. Muhula uliopita nilipimwa presha, ikasoma 142 kwa 90. Nesi akaniuliza, "Mdogo wangu, una miaka mingapi?" Nikamwambia 22. Akanyamaza, akapima tena. Ikawa ileile.

Kwetu Rungwe nimekulia ndizi, maharage, mboga za majani na parachichi. Nilipokuja Iringa nilibeba nguo tu, hivyo vyakula nikaviacha stendi. Na siyo mimi wa kwanza. Mwaka 1990 ulichapishwa utafiti juu ya Wajaluo waliohama vijiji vya magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi. Presha zao zilikuwa juu kuliko za wenzao waliobaki kijijini. Mjini walikuwa wanakula chumvi zaidi na potasiamu kidogo.

Mizani yenyewe ndiyo hiyo. Sodiamu ya kwenye chumvi hufanya mwili ushikilie maji, presha ikapanda. Potasiamu husaidia figo kuitoa sodiamu kwa njia ya mkojo na hulegeza mishipa. Presha ikikaa juu miaka mingi, utando wa ndani wa ateri unajeruhiwa, panavimba, mafuta yananasa, njia inakuwa nyembamba. Anayelipa ni moyo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyokwisha kuwekwa jikoni.

Najua mtasema matunda ni ghali. Nyanda za Juu Kusini hizi hizi? Parachichi zetu zinavuka bahari kwenda Ulaya, sisi tunapita sokoni tunaziangalia tu! Hata kiazi chenyewe kina potasiamu nyingi. Tatizo ni tunachokimwagia juu.

Ombi langu kwa serikali yetu ya wanafunzi ni dogo. Zabuni ya kafeteria ikija, tudai vichupa vya chumvi vitoke mezani, anayetaka aombe. Na kwenye sahani ya wali maharage kiongezwe kipande cha tunda. Wengi wetu hapa ni walimu watarajiwa. Tutawafundisha watoto mlo kamili kwa mdomo upi?

Zege sijaacha, siwadanganyi. Ila siku hizi naonja kwanza.