Chungu cha Dani Kimefika River Road

Leo sina stori ya simu wala viatu. Leo ni chungu.

Majuzi nyanya yangu, kwetu tunamwita dani, alinitumia dapi kwa basi kutoka Siaya. Dapi ni kile chungu kikubwa cha maji. Nilienda kukichukua River Road saa mbili asubuhi na, ukweli usemwe, niliona aibu. Wenzangu wanapokea magunia ya mahindi na kuku. Mimi nimekumbatia chungu kilichofungwa kwa leso, napita maduka yaliyojaa ndoo na mitungi ya plastiki hadi mlangoni. Jamaa wa mkokoteni akaniuliza, "Buda, unaenda kupika busaa?" Nikacheka tu.

Sasa hiyo aibu ndiyo inaniudhi. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimewatumia marafiki video ya vyungu vya Wamoche, watu walioishi pwani ya kaskazini ya Peru kati ya mwaka 100 na 800 hivi. Hawakuwa na maandishi. Vita vyao, sherehe zao, hata sura za watu wao, walizichora na kuzifinyanga kwa udongo. Nyekundu juu ya rangi ya maziwa, kali sana. Niliweka emoji za moto kama kumi.

Yaani cha Peru ni sanaa, cha dani ni vitu vya ushago? Kwani tofauti ni nini, taa za makumbusho?

Utaniambia cha Wamoche kina picha. Sawa. Lakini angalia shingo ya dapi yangu: kuna mistari midogo imezunguka, imepigwa kwa kuviringisha kamba iliyosokotwa juu ya udongo mbichi. Hakuna gurudumu, ni mikono tu, kisha moto wa nje. Wafinyanzi wengi wa Kijaluo ni wanawake walioolewa wakafundishwa na mama mkwe, na kila eneo lina mkono wake. Anayejua akiona umbo na mistari anakwambia chungu kimetoka upande gani. Si picha, lakini ni anwani.

Na hii kazi si ya juzi. Hapo hapo Siaya kuna mahali panaitwa Urewe. Mwaka 1948 wataalamu walichapisha habari za vyungu vya kale kutoka huko, vyenye kibonyeo kwenye kitako. Leo vyungu vya aina hiyo, hata vya Uganda na Rwanda, vinaitwa Urewe. Shuleni nilifundishwa piramidi. Urewe, wapi!

Plastiki siipigi vita. Ni nyepesi, haivunjiki, na mimi mwenyewe naoga kwa ndoo yake. Kinachonisumbua ni kwamba mama aliyefinyanga dapi hii, dani anasema, amezeeka na hakuna mkaza mwana hata mmoja aliyekaa chini kujifunza. Sisi wa kontenti tunarekodi chips, tunarekodi mathree, mikono yake hakuna. Desemba naenda na simu na tripodi, hata kama video itapata views arobaini.

Dapi nimeiweka kwenye kona ya bedsitter. Maji yanapenya kidogo kwenye udongo, yakikauka nje yanaondoka na joto. Jirani yangu alicheka siku ya kwanza. Jana stima ilipotea, akabisha mlango akiwa na kikombe.