Msinivike Khanga Iliyochanika

Jamani, ndugu zangu washika kalamu, leo nina ugomvi nanyi. Si ugomvi wa chuki, ni ugomvi wa watu wa nyumba moja. Nimesoma hadithi zenu na mashairi yenu, nimekaa katika vikao vyenu vya kusomeana kazi, na kila mara nakutana na mama yule yule. Ameamka kabla ya jogoo. Mgongoni ana mtoto, kichwani ana ndoo, machoni ana machozi. Khanga yake imechanika. Mwishoni anakufa, mara nyingi kwa kikohozi, na mwanawe msomi anafika kijijini kaburi limeshafukiwa. Tunapiga makofi. Wengine wanafuta macho. Kisha tunarudi majumbani, na mama aliyeko huko ndiye anayetupakulia chakula.

Nawauliza: huyo mama wa khanga iliyochanika mmemtoa wapi?

Msidhani najitoa. Mimi mwenyewe nilimwandika. Nilipokuwa kidato cha tatu nilitunga shairi la kumsifu mama yangu, nikalisoma mbele ya wazazi siku ya mahafali ya kaka zetu wa kidato cha nne. Beti nane. Nikamvika khanga kuukuu, nikampa miguu yenye magaga, nikamlaza njaa ili sisi tushibe. Walimu walisifu mno. Jioni tukiwa njiani kurudi nyumbani, mimi nasubiri kupongezwa, mama akaniuliza taratibu, "Mwanangu, hivi ile khanga iliyochanika uliiona wapi?"

Sikuwa na jibu. Mama yangu alikuwa akiuza vitumbua, kweli, na alikuwa akiamka saa kumi alfajiri, kweli. Lakini kila Idi alikuwa na doti mpya. Hakutoka mlangoni bila wanja. Siku ile ya mahafali alikuwa amejipaka piko, amevaa gauni la kitenge alilolishonesha kwa fundi siku alipopokea zamu yake ya mchezo. Alikuwa amekaa mstari wa tatu, amependeza, ananiangalia, nami nasoma habari za mwanamke mwingine kabisa. "Umenisifu sana," akaniambia, "lakini umenivua nguo mbele za watu."

Nimekaa na maneno hayo miaka mingi. Leo na mimi ni mama wa watoto wawili, na nimeanza kuyaelewa.

Siku yangu iko hivi. Naishi Kimara, nafanya kazi ya ukarani mjini. Saa kumi na nusu niko macho. Nainjika chai, nakoroga uji wa mdogo, napiga pasi sare ya mkubwa, natafuta soksi ya pili ambayo siku zote imepotea. Maji yakikatika, nahesabu madumu. Saa kumi na mbili niko kituoni napambana na foleni ya mwendokasi. Mabasi hayo yalipoanza Mei 2016 tuliambiwa tumepumzika na adha ya daladala, na kweli njia ni fupi, lakini mlango ukifunguka kila mtu anajua kiwiko chake kina kazi gani. Jioni narudi hivyo hivyo. Daftari la hesabu linanisubiri, sufuria zinanisubiri, na mtoto mdogo ana homa ambayo haikuwepo asubuhi. Naandika saa nne usiku, wote wakishalala, mezani palipo na makombo.

Na katika yote hayo, jamani, nasuka. Jumamosi mbili kwa mwezi nakaa chini kwa jirani yangu msusi, saa tatu au nne, nasukwa. Napaka rangi ya mdomo kila siku ya kazi. Gauni langu la kitenge lina mshono niliouchora mwenyewe nikampelekea fundi. Sijivuni. Nataja tu kwa sababu hayo ndiyo yaliyoniletea maneno.

Katika kikao kimoja cha waandishi, kijana mmoja, mtunzi mzuri tu, alinisikiliza nikisoma hadithi yangu. Nilipomaliza hakuuliza lolote juu ya hadithi. Akasema, "Dada, lakini kupendeza kote huko na watoto wawili, muda unaupata wapi? Au wanalelewa na hausigeli?" Watu wakacheka. Mle ndani walikuwemo akina baba wanne ninaowajua, wana watoto majumbani, viatu vyao vimepigwa rangi mpaka unajiona uso. Hakuna aliyewauliza watoto wako na nani.

Hapo ndipo nilipoona kwamba tatizo si ushamba wa yule kijana. Tatizo ni vitabu vilivyo kichwani mwake, ambavyo ni vile vile vilivyo kichwani mwangu na mwako. Humo mwanamke mwenye watoto amepewa vyumba viwili tu. Chumba cha kwanza anakaa mama mwema: kachakaa, kanyamaza, kavumilia. Chumba cha pili anakaa yule mwenye rangi ya mdomo, na kazi yake katika hadithi inajulikana: kumpora mtu mume, kula mshahara wa watu, kisha kuadhibiwa ukurasa wa mwisho. Akitokea mama mwema akapaka rangi ya mdomo, msomaji anaanza kuhofia ndoa yake.

Mambo haya hayakuanza na sisi. Utendi wa Mwana Kupona ulitungwa na mama wa pwani ya kaskazini karibu mwaka 1858, akiwa mgonjwa, amwachie binti yake mawaidha. Mle pambo limo tele, mwili unatunzwa, manukato yananukia. Lakini pambo lote linapelekwa kwa mume. Ni sehemu ya utii. Ukija upande huu wa karne yetu ya riwaya, Regina katika Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, anapigwa na Zakaria mlevi, naye anabeba. Kezilahabi alikuwa anaikosoa hali hiyo, namheshimu kwa hilo. Wengi wetu tuliomfuata tulichukua kipigo na uvumilivu, tukaiacha hasira. Afadhali Penina Muhando, aliyeandika Nguzo Mama mwaka 1982: wanawake wake wanahangaika kuisimamisha nguzo, wanagombana, wanachoka, na nguzo haisimami. Angalau yeye alituonesha kwamba nguzo ni mzigo, na kwamba anayeitwa nguzo anaweza kuelemewa.

Tena si vitabu peke yake. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitoa azimio la kupiga vita vimini, mawigi, suruali za kubana na madawa ya kujichubua. Operesheni Vijana, ndivyo ilivyoitwa, ilipangwa kuanza Januari 1, 1969. Vijana wengine hawakusubiri tarehe: mwezi ule ule wa Oktoba wanawake walivamiwa pale Kariakoo, wakashushwa kwenye mabasi kwa ajili ya nguo. Walioshusha walisema wanalinda utamaduni. Ndugu zangu, sisemi mnaoandika mama wa khanga iliyochanika mmefanana na wale. Nasema tu kwamba kalamu nayo inaweza kumshusha mtu kwenye basi.

Najua mtakavyonijibu. Mtasema, "Dada, hao akina mama maskini wapo. Unataka tuufiche umaskini ili wewe upake rangi?" La hasha. Umaskini uandikwe, tena uandikwe kwa uchungu. Lakini nendeni mkawaangalie hao maskini wenyewe. Nendeni Tandika au Manzese jioni. Mama muuza samaki, mikono inanuka magamba, ana doti yake ameitunza kwa ajili ya harusi ya Jumamosi. Anajua jina la kila khanga iliyotoka. Anachagua pindo, anachagua mji, anageuza geuza, anabishana bei. Kwenye rundo la mitumba anachambua blauzi moja nusu saa kwa sababu anataka ile yenye ukosi. Maskini ana jicho. Mkimwandika bila jicho lake mnamwongezea umaskini ambao hakuwa nao.

Halafu nitazameni neno tunalolipenda sana: Nani kama mama. Lipo kwenye khanga, tunazinunua, tunawapelekea mama zetu, tunajisikia watoto wema. Mimi zamani liliniliza. Sasa nikilisikia nauliza: kama hakuna aliye kama mama, basi dumu la maji nani atampokea? Maana mtu asiye na mfano hana wa kumsaidia. Baba hawezi kuosha mtoto, "si unajua mama ndiye anayejua." Kaka hawezi kupika, "chakula cha mama ndicho chakula." Sifa zote hizo mwisho wake ni sufuria ile ile kwa mtu yule yule. Hata sheria inatufahamu hivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ilipotungwa mwaka 2004 ilimpa mama likizo ya uzazi ya siku 84, zikafika 100 akijifungua mtoto zaidi ya mmoja. Baba ilimpa siku 3. Siku ya nne mwenzangu amevaa viatu, ameondoka, nami nimebaki na mtoto na sifa.

Nisiwaonee wanaume peke yao. Kuna uongo wa pili, na huu wanawake wenyewe tunaununua. Ni yule mama wa matangazo ya biashara: sabuni mkononi, jikoni kunang'aa, nywele hazina hata jasho, watoto wanacheka wakiwa na sare nyeupe pe. Huyo naye simtaki. Wa kwanza ananiambia nikipendeza si mama. Huyu ananiambia nisipopendeza, hata usiku wa homa, si mwanamke. Wote wawili hawalali. Mimi nalala, tena nakoroma. Zipo siku natoka na nywele zimefumuka na gauni lina tapishi la mtoto begani, na siku hizo pia ni mimi.

Na sasa niseme lile linaloniuma mwenyewe, maana mkosoaji asiyejigusa ni mwongo. Yule kijana aliyeuliza kuhusu hausigeli aliuliza kwa kejeli, lakini aligusa kweli. Ninaye dada anayenisaidia. Bila yeye nisingesuka, nisingeandika, na hii makala msingeisoma. Zile saa zangu nne za Jumamosi kwa msusi ni saa zake nne za kubeba mtoto wangu. Kwenye hadithi zetu dada wa kazi ama anatia sumu kwenye chakula, ama anapewa mimba na baba mwenye nyumba. Hakuna hadithi niliyoisoma ambamo dada wa kazi anataka tu siku yake ya mapumziko akasuke. Nilipojiuliza yeye husuka lini, niliona aibu: alikuwa akijisuka mwenyewe usiku, kwa kioo cha mkononi, mabutu yasiyolingana. Tangu siku hiyo tumeandikiana. Jumapili ni yake nzima. Jumamosi zangu mbili baba watoto anabaki na wanawe, naye huyo dada anapumzika mchana. Wiki ya kwanza baba alinipigia simu mara sita kuuliza kijiko cha dawa kiko wapi. Wiki ya nne hakupiga. Kumbe kijiko kilikuwa pale pale siku zote.

Basi madai yangu ni haya. Kwanza, kabla hujaandika shairi lingine la mama, kamuulize mama yako anapenda rangi gani. Ukiona hujui, usiandike kwanza. Pili, ukimpa mhusika wako watoto, mpe na baba yao, na utuoneshe baba huyo yuko wapi saa kumi na mbili jioni. Tatu, nyinyi dada zangu mnaoandika mkiwa na watoto: acheni kuombana radhi kwa ajili ya nywele. Hesabuni nani amebeba mtoto wakati nyinyi mnasukwa, mumlipe haki yake, kisha mkapendeze bila wasiwasi.

Nilikwenda kumwona mama yangu mwezi uliopita. Vitumbua ameacha, magoti yanamsumbua. Nikamwambia naandika tena habari zake. Akanitazama kwa muda, akasema, "Haya, ila safari hii andika na hereni zangu." Ni za dhahabu, ndogo, zina umbo la mwezi mchanga. Alizinunua mwenyewe, kwa hela ya vitumbua, mwaka niliozaliwa mimi, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza alizipata wapi.

Nimeziandika, mama. Na nyinyi mnaopinga, kalamu mnazo. Nijibuni.