Tahariri: Mume na mke wakiwa wote wanajeshi

Makombora ya Iran yalipoelekezwa kwenye kambi ya anga ya Al Udeid, kusini magharibi mwa Doha, tarehe 23 Juni 2025, gumzo lilikuwa juu ya mitambo ya ulinzi na bei ya mafuta. Ndoa za askari wa Marekani wanaotumwa huko hazikutajwa, na si kawaida kutajwa.

Wako wanandoa ambao wote wawili ni askari. Mmoja anapelekwa Qatar miezi 6. Anaporejea, anamkuta mwenzake anafunga mizigo. Jeshi la Marekani linawaruhusu kuomba vituo vya kudumu vilivyo karibu, ila mahitaji ya jeshi ndiyo yanayotangulia, na safari za operesheni zina ratiba yake. Wenye watoto wanatakiwa waandike mapema nani atawalea iwapo wazazi wote wataitwa. Hebu fikiria baba na mama wakijaza fomu hiyo.

Takwimu za Pentagon za miaka mingi zimeonyesha kuwa talaka kwa wanajeshi wanawake ni zaidi ya maradufu ya zile za wanaume. Mwanamume askari mara nyingi ana mke raia anayeishika nyumba. Mwanamke askari mara nyingi ameolewa na askari mwenziwe, na nyumba haina wa kuishika.

Jawabu la wakuu limekuwa kuongeza washauri wa ndoa na viongozi wa dini kambini. Ni jambo jema, lakini haliondoi chanzo. Wengi wa hawa hawakugombana. Wamepangiwa zamu zinazopishana. Na zamu hupangwa na watu. Mwaka 2006 huko Iraq, jeshi hilo hilo liliwaruhusu wanandoa askari kulala chumba kimoja katika uwanja wa vita, na kazi iliendelea.

Suala hili linatuhusu nasi. Kenya ilimteua Fatuma Ahmed kuongoza jeshi lake la anga mwaka 2024. Tanzania imekuwa ikipeleka askari, wanawake wakiwemo, katika operesheni za Umoja wa Mataifa nchini Kongo tangu 2013. Ofisa anayeandaa orodha ya safari aulizwe swali moja kabla hajaipeleka kusainiwa: je, mwenza wa askari huyu naye yuko jeshini, na amerudi lini?