Gesi Kuukuu Haina Mnunuzi

Oktoba 2023 wajumbe wa nchi wanachama wa Itifaki ya Montreal, mkataba wa kulinda tabaka la ozoni, walikutana Nairobi na kuondoka na jambo la kujisifia: dola milioni 965 za Mfuko wa Itifaki kwa miaka mitatu, 2024 hadi 2026, kiasi kikubwa kuliko chochote kilichowahi kuchangwa. Lilipofika swali la gesi ambayo tayari imo ndani ya viyoyozi, majokofu na magari, kwamba itakwenda wapi vyombo hivyo vikifa, wajumbe waliagiza ripoti. Ripoti ikaandikwa. Mwaka mmoja baadaye, Bangkok, ikajadiliwa, na kilichozaliwa ni makubaliano ya kuitisha warsha.

Fundi wa AC hakusubiri warsha.

Kariakoo, kwenye kibaraza cha ghorofa ya nne, kazi ya kuondoa kiyoyozi chakavu inajulikana. Fundi anazima umeme, anashika spana mbili, analegeza nati ya bomba jembamba la shaba. Gesi inatoka kwa mlio mkali, nati inaota barafu, matone ya mafuta ya kompresa yanarukia ukuta, na msaidizi anasogea pembeni baridi isimbabue vidole. Dakika chache tu, kimya. Kiyoyozi cha kawaida cha chumba, cha BTU 12,000, hubeba gesi inayokaribia kilo moja. Ikiwa ni R-410A, kilo moja yake inalipasha joto anga, kwa kipimo cha miaka 100, sawa na tani mbili na ushei za kaboni dioksidi. Ni kama kuchoma karibu lita 900 za petroli, na hakuna aliyewasha kiberiti.

Dawa iliyopendekezwa kwa zaidi ya miaka 30 ni mashine ya kunyonyea gesi: kisanduku chenye kompresa yake, mipira ya kuunganishia, na mtungi usiojazwa kupita asilimia 80. Inaivuta gesi kutoka kwenye mtambo mbovu na kuifungia mtungini. Ni mashine nzuri. Mfuko umezinunua kwa wingi tangu miaka ya 1990 na kuzigawa katika nchi zinazoendelea pamoja na mafunzo, na tathmini za Mfuko wenyewe zilikiri kwamba gesi iliyokusanywa ilikuwa kidogo mno ikilinganishwa na iliyotarajiwa. Nyingine zilitengenezwa enzi za gesi ya R-12, na haziwezi kuhimili presha ya R-410A, inayoizidi hata ile ya R-22 kwa zaidi ya nusu. Hata hivyo utaratibu ni ule ule: mafunzo, mashine, cheti, picha ya pamoja. Utaratibu huo umeshindwa, na mikutano miwili mfululizo imepita bila kusema kwa nini. Umeshindwa kwa sababu gesi iliyotumika haina bei.

Kosa lina mizizi katika hesabu za Itifaki. Itifaki haipimi kinachomwagwa hewani. Inapima kinachozalishwa na kuingizwa nchini, ukitoa kinachouzwa nje. Kwa Marekebisho ya Kigali, yaliyopitishwa Oktoba 2016 na kuanza kutumika 1 Januari 2019, nchi nyingi zinazoendelea, za Afrika Mashariki zikiwemo, zilitakiwa kuzuia ongezeko la gesi za HFC, kundi la R-410A, kuanzia 2024, zipunguze asilimia 10 ifikapo 2029, na kufikia asilimia 80 mwaka 2045. Basi ofisa anahesabu mizigo iliyoshuka Mombasa au Dar es Salaam, anajaza fomu, na nchi inapata alama nzuri. Gesi hiyo ikimwagwa yote mwaka unaofuata, fomu haibadiliki hata tarakimu moja.

Wanaotetea hali ilivyo wana hoja zao. Afrika, wanasema, ina sehemu ndogo katika uchafuzi huu, na ni haki Marekani, Ulaya na China zitangulie. Sawa. Wanaongeza kwamba gesi mpya kama R-32 na R-290 zina madhara madogo zaidi, hivyo tatizo litajifia lenyewe. Hilo litawezekana kwa viyoyozi vitakavyouzwa kesho. Vilivyokwisha kutundikwa ukutani bado vina gesi ile ile. Wapo pia wanaohofia kuirudisha gesi iliyotumika sokoni, na hukumbusha mwaka 2011, ambapo gesi bandia yenye kloridi ya methili ililipua mitambo ya makontena ya baridi huko Vietnam na Brazil, watu watatu wakafa. Hofu hiyo ina msingi, lakini gesi ile haikuwa ya kunyonywa kutoka kwenye mtambo wa zamani. Ilikuwa bandia, ikapenya mahali ambapo hakuna aliyepima.

Hoja zote hizo zinampita pembeni mtu mmoja, yule mwenye spana mbili. Maelezo yanayopendwa kwenye semina ni kwamba hajui. Eti akishaelezwa habari za ozoni na joto la dunia, ataacha. Anayesema hivyo hajamtazama fundi huyo huyo akihamisha kiyoyozi kizima cha mteja anayehama nyumba. Hapo hathubutu kulegeza nati. Anaunganisha geji, anaiacha kompresa ikinguruma, anafunga valvu ya bomba jembamba, na kukodolea macho mshale unavyoshuka. Ukikaribia sifuri, anawahi kufunga valvu ya bomba nene na kuzima umeme. Gesi yote imejikusanya kwenye sehemu ya nje. Hakutumia mashine ya mamia ya dola wala hakuna aliyemdai cheti. Wakifika nyumba mpya anafungua valvu, na AC inapoza kama jana.

Umakini huo unatoka wapi? Gesi ile ina mwenyewe. Akiipoteza, atanunua nyingine kwa fedha yake au atagombana na mteja.

Kesho yake yupo kwenye kiyoyozi chakavu na ujuzi ule hauna kazi. Kompresa imekufa, haiwezi kujivutia gesi yake. Na gesi iliyomo haina mwenyewe. Mteja amelipia kufungiwa kipya. Mnunuzi wa chuma chakavu anataka shaba na aluminiamu, na atashukuru akiletewa mabomba yaliyokwisha pumua. Duka la vipuri linauza gesi, halinunui. Tuseme fundi huyu anayo mashine ya kunyonyea, ile ya mradi. Ataibeba ngazi nne pamoja na mtungi, ataomba soketi ya umeme kwa mwenye nyumba, atasubiri wakati mteja wa pili anampigia simu, kisha atashuka na gesi ambayo mjini hapo hakuna atakayempa shilingi kwa ajili yake. Atarudia siku ya pili na ya tatu. Mtungi ukijaa aupeleke wapi? Ofisi ya mazingira haina ghala. Chuo kilichomfundisha hakina. Mwisho wake ataufungulia nyuma ya karakana, na sasa atakuwa amemwaga kwa mkupuo gesi ya viyoyozi kumi badala ya kimoja kimoja.

Ukifungua begi lake utaliona jambo hili waziwazi. Pampu ya vakyumu inamlipa, maana asipotoa hewa na unyevu kwenye mabomba, AC itarudi na lawama zake. Geji zinamlipa. Mizani inamlipa, kwa kuwa gesi mpya ni ghali na kuipima ni kulinda mfuko wake. Mashine ya kunyonyea ndicho chombo pekee kinachomtia hasara kila anapokiwasha. Halafu watu waliokaa hotelini, kwa posho, wanashangaa kwa nini mashine imewekwa chini ya meza ikipata vumbi. Mtu haombwi afanye kazi bure maisha yake yote, kisha akikataa aandikwe kwenye ripoti kuwa ana uelewa mdogo.

Adhabu? Kenya na Tanzania zote zina kanuni za kudhibiti gesi zinazoharibu ozoni tangu 2007. Marekani ilipiga marufuku kuzimwaga gesi hizo makusudi kuanzia 1 Julai 1992, na faini yake inaweza kufikia makumi ya maelfu ya dola kwa siku. Faini humtisha mwenye kiwanda chenye tani za gesi na kumbukumbu za matengenezo. Kwenye kibaraza cha ghorofa ya nne hakuna mkaguzi, na hatakuwepo.

Nchi zilizoamua kuipa gesi kuukuu thamani zipo, wala si siri. Norway ilianza kutoza kodi gesi za HFC mwaka 2003, na mwaka 2004 ikaanzisha marejesho: anayeileta ikateketezwe analipwa kwa kiwango kile kile cha kodi. Australia ina mfumo wa tasnia yenyewe tangu 1993, unaogharimiwa na tozo kwa kila kilo inayoingia sokoni. Afrika Mashariki haihitaji hata kufundishwa wazo hilo. Kila mwenye duka anajua kreti ya soda inavyorudi: hakuna sheria inayomlazimisha mtoto aokote chupa, kuna shilingi zinazomsubiri kaunta.

Kisingizio kingine ni kwamba hakuna tanuri la kuiteketezea gesi isiyosafishika. Indonesia iliteketeza ya kwake katika tanuri la saruji la Narogong, na matanuri ya saruji yamo katika orodha ya teknolojia zilizoidhinishwa na Itifaki yenyewe. Wazo Hill, Dar es Salaam, kuna tanuri. Tanga lipo. Yatahitaji vifaa vya kulishia gesi, vipimo vya moshi na kibali, na hayo yanagharimu fedha, lakini ni fedha ambayo Mfuko unayo.

Mitungi nayo itazamwe. Gesi ya R-134a mara nyingi huingia kwa mitungi ya kilo 13.6 ya kutumia mara moja, yenye valvu isiyoruhusu kujazwa tena. Ikidhaniwa kuwa imeisha, bado ina gesi chini, na hiyo nayo huenda hewani mtungi ukitobolewa kuuzwa kama chuma. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku tangu Julai 2007. Marekani ilijaribu mwaka 2021, mahakama ya Washington ikaifuta marufuku hiyo Juni 2023 kwa kuwa sheria mama haikuipa mamlaka ya mazingira uwezo huo. Afrika Mashariki haifungwi na mahakama ya Washington. Mtungi wa kurudishwa unampa muuza gesi sababu ya kupokea kitu kutoka kwa fundi. Wa kutupwa unamalizia biashara mlangoni.

Mawaziri wa fedha wa nchi kadhaa za Jumuiya ya Afrika Mashariki husoma bajeti zao mwezi Juni. Waongeze kifungu kimoja, na wakiongeze kwa pamoja ili magendo yasihamie mpaka wa jirani: amana kwa kila kilo ya gesi inayoingia, anayorejeshewa yeyote atakayeleta gesi iliyotumika kwa muuzaji mwenye leseni. Dola za Mfuko zijenge kwanza kituo cha kupimia na kusafishia gesi Mombasa na kingine Dar es Salaam, kabla haijanunuliwa mashine nyingine hata moja. Na ofisa atakayekuja na andiko la semina mpya ya kuwaelimisha mafundi aulizwe leo kilo moja ya gesi kuukuu inanunuliwa wapi na kwa shilingi ngapi. Akikosa jibu, andiko lirudishwe.