ALIYELIWA NA NABII SI WA KUCHEKWA

Kijana, wewe unayelisoma gazeti hili umeegemea pikipiki kituoni, au umeliazima kijiweni baada ya wenzako watatu kulimaliza, leo tunawaacha pembeni vigogo wa serikalini. Tutawarudia huko chini, wasijisahau. Leo tunataka kuzungumza juu ya wale wanaokula jasho lako huku wamekufumbisha macho na kukuwekea mkono kichwani. Wapo wanaojiita manabii na mitume, wapo masheikhe wa kutoa majini, wapo waganga waliobandika vibao kwenye nguzo za umeme jiji zima, na wapo matapeli wanaokuahidi kukuingiza Freemason kwa ada ya kutuma kwa simu. Majina yao ni mengi, lakini mfuko wanaoulenga ni mmoja, nao ni wako.

Kabla hujasema gazeti limeanza kupiga vita dini, tuseme wazi. Hatuna ugomvi na imani ya mtu. Wapo wachungaji na masheikhe wengi nchi hii wanaokula ugali na dagaa kama wewe, wanaozika maiti wasio na ndugu, na ambao ukiwaambia unahamia msikiti mwingine au kanisa jingine watakutakia heri. Hao leo hawatuhusu.

Tena tusidanganyane eti wanaoliwa ni mbumbumbu. Kule Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, kundi lililojiita la kurejesha Amri Kumi za Mungu lilikuwa na padri aliyesoma hadi Marekani. Wafuasi waliambiwa dunia inakwisha Desemba 31, 1999. Wakauza mali zao, wakawakabidhi viongozi fedha. Januari mosi jua likachomoza kama kawaida. Watu wakaanza kuuliza maswali, na wapo waliotaka kurudishiwa vyao. Machi 17, 2000 jengo lao la ibada likateketea na mamia ya watu ndani yake, na baadaye makaburi ya halaiki yakagundulika katika maboma mengine ya kundi hilo. Waliokufa walihesabiwa kupita 700.

Utasema hiyo ni ya zamani. Haya, kuanzia Aprili 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kilifi, hapo jirani Kenya. Paul Mackenzie, aliyekuwa dereva wa teksi kabla ya kuanzisha kanisa lake Malindi mwaka 2003, ndiye aliyefikishwa mahakamani kwa kesi hiyo, akidaiwa kuwaamuru wafuasi wake wafunge kula hadi kufa ili wakutane na Yesu. Alikana mashtaka. Lakini walioponea walieleza jinsi walivyoambiwa shule ni ya shetani, hospitali ni ya shetani, vitambulisho ni vya shetani. Miongoni mwa waliomfuata walikuwamo watu wenye kazi zao, hata askari polisi. Sasa wewe uliyeishia kidato cha nne unadhani kinga yako iko wapi?

Sisi hapa kwetu tulikuwa na DECI. Kama ulikuwa mdogo muulize kaka yako. Haikuja kwa jina la kamari. Ilikuja na lugha ya kanisani: mtu alikuwa "anapanda mbegu" kisha "anavuna", na walioiongoza walikuwa wachungaji. Karani, mama muuza vitunguu na machinga, wote walipanga foleni moja. Mchezo wenyewe hauna siri: aliyetangulia hulipwa kwa fedha ya aliyefuata, na siku wapya wakikoma shamba limekauka. Mwaka 2009 serikali ikaifunga na viongozi wakapelekwa Mahakama ya Kisutu.

Basi mtu huyu utamjuaje? Usimtazame gari wala suti, maana wapo matapeli wa kandambili. Usishindane naye kwenye miujiza pia, utapoteza muda. Tazama anachokifanya kwako tangu siku ya kwanza.

Kwanza hakuombi kitu. Anakupa. Wewe umetoka kwenye chumba cha kupanga, mwenye nyumba anakudai miezi miwili, hakuna anayekuita kwa jina lako isipokuwa anayekudai. Unafika pale unaitwa mwana wa mfalme, unapewa fulana na kazi ya kupanga viti, watu wanakukumbatia. Hicho ni chambo, na kinafanya kazi kwa sababu njaa yenyewe ni ya kweli. Kisha unaulizwa matatizo yako na wahudumu, kwa upole, mmoja anaandika. Wiki ijayo nabii anasimama jukwaani na kukuambia "naona mwanamke mweupe, naona deni la pikipiki". Umati unapiga kelele. Wewe mwenyewe miguu inalegea, wala hukumbuki kwamba hayo yote uliyasema Jumanne.

Baada ya hapo ndipo ada zinaanza, na zinapanda ngazi. Maji, chumvi, mafuta, kitambaa, sadaka ya kufungua, sadaka ya kujimaliza. Ukikopa na kutoa, na mambo yasiponyooka, unaambiwa imani yako ndogo. Yakinyooka, ni nabii. Hii ni kamari ambayo mwenye banda hapotezi hata siku moja. Afadhali hata banda la kubeti, kijana, maana pale unapewa kipande cha karatasi kinachokuonyesha kwamba umeliwa.

Na hapa ndipo penye jambo zito kuliko fedha. Siku utakapoambiwa kwamba aliyekufunga nyota ni mama yako mzazi, au shangazi aliyekusomesha, simama hapo hapo. Fedha unaweza kuitafuta tena. Lakini mtu akishakutenganisha na wale ambao wangekuambia "mwanangu, hapana", hana haja ya kukufunga kamba, umekwisha kuwa wake. Ukishachukua simu ya mama hupokei, ukishamwacha rafiki yako wa tangu darasa la tatu kwa kuwa "ana roho chafu", nani amebaki wa kukuuliza unakwenda wapi? Shakahola ilikuwa msitu wa kweli. Wapo vijana wengi walio kwenye msitu wa namna hiyo wakiwa katikati ya Manzese.

Kuna kipimo kimoja rahisi. Mwambie kiongozi wako kwamba unapumzika miezi miwili halafu utarudi. Au uliza mbele za watu fedha ya mwezi uliopita ilikwenda wapi. Wa kweli atakujibu, au atakasirika kidogo kama binadamu kisha akujibu. Wa uongo atakutangazia ajali. Ukisikia vitisho vya kifo, laana na wazimu kwa sababu tu umeuliza hesabu, jibu umelipata. Na kumbuka Kanungu: maswali yalipoanza ndipo hatari ilipokuwa kubwa. Kwa hiyo kama uko ndani kabisa, unalala kwao, usitangaze kwamba unaondoka. Chukua vyeti vyako na kitambulisho, mpigie ndugu mmoja unayemwamini, ondoka mchana.

Sasa umetoka. Watu wanadhani hapo ndipo mambo yameisha. La hasha! Wiki za kwanza usiku haulaliki. Unangojea ile laana. Ukianguka na bodaboda utasema ndiyo hii imefika, wakati bodaboda wanaanguka kila siku na wengi wao hawajawahi kumwona huyo nabii. Utakosa zile nyimbo, utakosa kukumbatiwa, na ukweli ni kwamba utamkosa hata yeye. Usijishangae. Mtu aliyekupangia saa ya kuamka, cha kula na wa kuoa akiondoka, hata kuchagua shati ni kazi. Hali hiyo hupungua, polepole, na hupungua upesi zaidi kwa mtu anayefanya kazi ya mikono, anayekula kwa wakati na asiyekaa peke yake chumbani.

Kama uliacha dawa, usingoje hata kesho. Mwaka 2011 maelfu walimiminika kijijini Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500 cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, na wapo wenye virusi vya UKIMWI, wenye kisukari na wenye kifua kikuu walioacha dawa za hospitali baada ya kunywa. Wapo ambao hawakuwahi kurudi kliniki kwa sababu ya aibu ya kumwambia nesi walikokuwa. Nesi ameyasikia mengi. Nenda. Na kama usingizi umepotea kabisa, au unasikia sauti, au unawaza kujidhuru, hilo nalo ni la hospitali, halina tofauti na malaria.

Madeni yaandike kwenye daftari, yote, hata yale ya elfu tano. Nenda kwa kila anayekudai umwambie utamlipa kidogo kidogo. Kama ulitoa pikipiki, kiwanja au hati, andika tarehe, kiasi na aliyepokea, tunza ujumbe wa simu wa miamala, kisha nenda polisi. Huenda usirudishiwe, lakini ukiwa na karatasi mkononi na wenzako wanne wenye karatasi kama yako, mnasikilizwa tofauti.

Kwa mama nenda bila hotuba. Beba sukari kilo moja na uingie ndani. Wengi tunaowajua walipoteza miezi wakitunga maneno ya kuomba radhi, kumbe mzee alikuwa anangoja kusikia kifungo cha geti tu. Na tafadhali, usiruke kutoka kwa nabii huyu kwenda kwa mganga yule eti akuondolee nguvu za wa kwanza. Hapo ndipo wengi wanapoliwa mara ya pili. Kama unataka kusali, sali nyumbani kwa muda, au rudi kwenye ibada ile ya zamani isiyo na makelele, ambako hakuna anayejua jina lako wala mshahara wako.

Tumalizane na kijiwe sasa. Ninyi mnaomwona jamaa amerudi na mkaanza: "Mwana wa mfalme, mafuta yameisha?" Mnacheka, yeye anacheka pia, jioni anarudi kule kule. Mwanaume wa mjini anaona ni heri aendelee kuibiwa kwa siri kuliko kukiri hadharani kwamba aliingizwa mjini, na nabii analijua hilo vizuri kuliko ninyi. Kicheko chenu ndicho mlinzi wake wa getini, tena hamlipi. Mpeni jamaa nafasi kwenye benchi, mpeni abiria mmoja wa asubuhi, mwacheni asimulie siku akitaka mwenyewe.

Wakubwa nao wana kicheko chao, ila chao kina pingu. Kenya, Juni 2023, wafuasi 65 waliookolewa Shakahola waliposusia chakula walishtakiwa Mahakama ya Shanzu kwa kosa la kujaribu kujiua, na wakapelekwa gerezani. Watu waliotoka kuzika watoto wao! Halafu mnashangaa kwamba mwaka 2025 miili mingine ilifukuliwa Kwa Binzaro, Kilifi hiyo hiyo?

Hapa kwetu serikali haina haki ya kunyoosha kidole. Mwaka ule wa kikombe cha Loliondo mawaziri walikwenda, wakanywa, wakapigwa picha. Mwananchi wa kawaida angewezaje kutia shaka? Februari 1, 2020 watu 20 walikufa kwa kukanyagana Uwanja wa Majengo, Moshi, wakigombea kukanyaga mafuta ya upako. Lakini Msajili wa Jumuiya kalamu yake ilionekana ina wino Juni 2025, alipolifutia usajili kanisa la Askofu Josephat Gwajima, aliyekuwa mbunge wa chama tawala wakati huo, siku chache baada ya askofu huyo kupaza sauti juu ya utekaji wa watu. Kwa hiyo sheria ipo na mkono upo. Anayemgusa mkubwa huguswa kwa wiki moja, na anayekausha mfuko wa muuza mitumba hupewa askari wa kumwongozea magari siku ya mkutano.

Tunamtaka Waziri wa Mambo ya Ndani awaeleze wananchi ni malalamiko mangapi ya kutapeliwa kwa jina la dini yamefikishwa polisi, mangapi yamefika mahakamani, na kwa nini mahesabu ya taasisi hizo zinazokusanya mamilioni kwa simu hayabandikwi ukutani ambako mtoaji ataweza kuyasoma. Na wewe uliyetoka mwezi huu, ukiwa na risiti zako na daftari lako, njoo ofisini kwetu. Hatutachapa jina lako.